Wiki moja ya baharini, watu kumi

Mama aliingia ofisini kwangu, ofisi ya wakili, na mfuko wa plastiki wa duka la nguo, akauweka mezani, akasema: "Maître, marehemu alituachia lupango kule Durban. Tunataka kuiuza, watoto wasome." Lupango kwetu ni kiwanja na nyumba yake. Mle mfukoni mlikuwa na picha za bahari, kadi yenye jina la mumewe na la shemeji yake, mkataba wa Kiingereza wa kurasa kumi na nne, na barua tatu zenye maandishi mekundu. Nilianza na zile barua. Zilidai malipo ya miaka mitatu.

Kazi yangu hapa Lubumbashi, kwa sehemu kubwa, ni lupango za urithi: nani akae nyumba kubwa, nani apangishe anekse, ile nyumba ndogo ya uani, nani ameficha sertifika, yaani hati ya kiwanja. Huko watu wanasukumana kuingia. Kwenye hizi wiki za baharini wanasukumana kutoka, na anayechelewa kuelewa ndiye anayebaki na bili. (Mambo madogo ya familia hii nimeyabadilisha ili wasitambulike. Hesabu ni ileile.)

Wiki hizi wauzaji wanaziita taimushea. Nyumba moja ya mapumziko inakatwa wiki 52, kila wiki inapewa mtu wake, na kila mwaka wenye wiki wanachanga pesa za ulinzi, rangi, maji na vitanda vipya. Mchango huo Afrika Kusini wanauita levi, na haukuulizi kama mwaka huu ulikwenda au visa ilikataliwa. Mtindo ulianzia Milima ya Alps, Ufaransa, miaka ya 1960, na jina lake la Kifaransa, multipropriété, limetuponza sana hapa kwetu: mtu akisikia "propriété", yaani umiliki, anaona tayari sertifika mkononi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya Januari 2009, ulikataza kabisa wiki hizi kuuzwa kama uwekezaji. Marehemu aliuziwa yeye na mdogo wake katika safari ya Johannesburg, baada ya saa mbili za maneno matamu na juisi ya bure, na neno aliloambiwa ndilo hilohilo: uwekezaji.

Swali langu la kwanza kwa kila anayekuja na mfuko kama huo ni hili: karatasi yako ni ya aina gani? Afrika Kusini utakutana na tatu. Kuna hisa: kampuni inamiliki jengo, wewe una hisa katika kampuni, na hisa zinakupa chumba fulani wiki fulani. Kuna haki ya ardhi yenyewe, fungu la fleti lililoandikishwa kwa jina lako katika ofisi ya hati za ardhi. Na kuna pointi za klabu, ambako huna hisa wala ardhi, una mkataba tu. Picha ya bahari ni moja kwenye zote tatu, lakini siku ya kifo kila karatasi inashika njia yake.

Hisa ni mali inayohamishika, na mali ya namna hiyo inamfuata marehemu mahali alipokuwa na makazi. Akiwa mkazi wa Lubumbashi, warithi wanatajwa na Code de la famille yetu, yaani sheria ya familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016. Ardhi inabaki chini ya sheria ya pale ilipo. Afrika Kusini, asiyeacha wosia, mke wake anachukua fungu sawa na la mtoto mmoja au randi 250,000, lolote lililo kubwa. Wiki moja iliyokwisha kutumika haifikii bei hiyo hata kwa kuota. Kwa hiyo marehemu asipokuwa na kitu kingine kule, mjane anaichukua yote, watoto hawapati kitu. Sheria yao hiyo nayo ni ya 1987. Mwaka mmoja, majibu mawili.

Karatasi za mama huyu zilikuwa za hisa. Basi nikachukua kalamu, na kwa kuwa "moja ya thelathini na mbili" haimwambii mtu chochote, nikapiga hesabu kwa saa.

Wiki ina saa 168. Shemeji ni mwenye nusu: saa 84. Nusu ya marehemu haiingii yote katika urithi, na hapa ndipo familia nyingi zinaposhtuka. Walifunga ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, bila kuchagua mpango wa mali, hivyo sheria inawaweka katika mpango ambamo kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Mama ana saa 42 zake mwenyewe kabla hatujamtaja marehemu. Zinabaki saa 42 za kurithiwa. Watoto, wa ndoa na wa nje waliotambuliwa na baba akiwa hai, wavulana kwa wasichana, wanachukua robo tatu. Ni sita, kwa hiyo kila mmoja ana saa tano na robo. Robo inayobaki inakatwa mafungu matatu sawa: mjane, wazazi wa marehemu, ndugu zake. Mama anaongezewa saa tatu na nusu. Bibi wa Likasi, mama wa marehemu, naye tatu na nusu. Ndugu wawili wanagawana fungu lao, saa moja na dakika arobaini na tano kila mmoja, na mmoja wao ni yule shemeji mwenye 84.

Mtoto wa mwisho, wa miaka kumi na sita, aliuliza kama saa zake tano anaweza kuzichukua jioni. Tulicheka wote. Lakini levi nayo inagawanyika vilevile, na kampuni haitatuma bili kumi: itatafuta jina moja lenye pesa.

Nilisema haraka pia kuhusu jambo ambalo shemeji alikuwa amelisoma kwenye intaneti, kwamba majina mawili yakiwa kwenye hati, anayebaki hai anachukua chote. Marekani ipo hati ya namna hiyo. Kwetu haipo, na Afrika Kusini haipo: fungu la marehemu linaingia katika urithi wake, hata kama kadi ina majina mawili yaliyokaa pamoja kama mapacha.

Sasa deni. Warithi walikuwa wamekubaliana kifungua mimba awe likidatere, yaani msimamizi wa mirathi, na Tripaix, mahakama ya amani, ilikwisha kumthibitisha. Chini ya zile barua nyekundu kulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja, "kubadilisha jina la mwanachama", yenye mistari sita mitupu. Kijana alikuwa ameshaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza kwa penseli, akingoja kunionyesha kabla ya kupitisha kalamu. Namshukuru Mungu kwa ile penseli. Kwa sheria ya Afrika Kusini, deni la marehemu linalipwa na mali aliyoacha. Isipotosha, mdai hawezi kuingia mfukoni mwa mtoto. Na mrithi anaruhusiwa kukataa anachoachiwa. Lakini ukitia sahihi kwenye fomu ile, deni linakoma kuwa la marehemu. Unakuwa mwanachama mpya kwa hiari yako, na kifungu cha katikati kilisema wazi kwamba mwanachama mpya anapokea na malimbikizo. Sahihi sita zingekuwa wadaiwa sita.

Shemeji hakuwa na mlango huo. Yeye alisaini mwenyewe, na mkataba uliwafunga wawili kila mmoja kwa deni lote, ile wanasheria wanaita solidairement. Alidhani akilipa nusu yake amemaliza. Kwa miaka mitatu alituma nusu, na kila mwaka nusu ya pili ilizaa riba kwa jina lake pia. Alikasirika, na sikumlaumu.

Kuuza? Nilimwonyesha mama matangazo ya wiki kama yake, yamekaa miezi na bei ya chini kuliko levi ya mwaka mmoja. Nilimwonya pia kuhusu wanaopiga simu wakisema mnunuzi yupo tayari, tuma tu gharama za faili kwanza. Wawili walikuwa wameshampigia. Jina la marehemu wanalipata wapi sijui, ila simu hizo hufika kabla ya matanga kwisha.

Kwa wenye wiki walio hai na wananisoma, mimi ningefanya hivi. Kama mnamiliki wawili, kaeni na ndugu yako mwandike ukurasa mmoja: nani anatumia mwaka wa shufwa na nani wa witiri, nani analipa levi na lini, na mmoja akifa mwingine ana haki ya kuchukua fungu lake kwa bei gani. Bei ikiwa sifuri, andikeni sifuri. Halafu wosia. Kwetu unaweza kuuandika wote kwa mkono wako, ukaweka tarehe na sahihi, na Afrika Kusini wanaupokea wosia uliofuata sheria ya mahali ulipoandikwa. Mimi nawaongezea mashahidi wawili wanaotia sahihi pamoja mbele ya mwandishi, wasio warithi wala waume au wake wa warithi, kwa sababu hivyo ndivyo sheria yao inavyotaka na karani wa kule hapati la kuuliza. Ndani yake mtaje mtu mmoja wa kuipata wiki, na wa pili endapo wa kwanza atakataa. Mmoja, si watoto wote. Najua inauma, tumezoea kuandika "watoto wangu wote sawasawa". Usawa utafutie kwenye lupango.

Na usimwandike mtoto kama mnunuzi mwenza eti kukwepa urithi. Unampa bili kabla hujamwachia bahari.

Yule mama tulimaliza hivi. Mali yote ya marehemu kule ilikuwa chini ya randi 250,000, kwa hiyo ofisi ya Master wa Mahakama Kuu, inayosimamia mirathi kule, ilitoa barua fupi ya mamlaka badala ya kufungua faili kubwa la urithi. Hata hivyo cheti cha kifo kilibidi kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na hiyo peke yake ilikula wiki tano. Mtoto wa nne anasoma Durban, hana shida ya visa kila mwaka, na wiki yenyewe ni ya Julai, wakati huku tunatetemeka kwa baridi ya kiangazi. Akaitaka. Wengine watano, bibi, mama na shangazi, yule ndugu wa pili wa marehemu, waliandika kukataa. Shemeji alimwachia nusu yake kwa sharti kwamba malimbikizo yagawanywe kati yao wawili, na kampuni ikakubali kufuta sehemu ya riba.

Siku ya kusaini mtoto huyo wa nne alikuja na kalamu mbili. Ya kwanza ilitia sahihi ya uhamisho. Kwa ya pili nilimpa karatasi tupu, aandike wosia wake kabla hajatoka. Ana miaka ishirini na sita. Aliuliza amwandike nani, na kaka yake mkubwa, yule wa penseli, akasogeza kiti nyuma hadi ukutani.