Upepo haujafukuza mvua, jamani

Kila msimu wa mvua hapa Dodoma ni sentensi ileile: wingu lilikuja jeusi kutoka Chamwino, ukavuma upepo na vumbi, mvua ikaishia kwa wengine, basi "upepo umelipasua wingu". Juzi nimeisikia tena na nimechoka.

Ule upepo wa vumbi unatoka kwenye wingu lenyewe. Mvua ikishuka sehemu yake inageuka mvuke njiani, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kusambaa chini. Wingu la radi linaweza kupita kilomita 12 kwenda juu, linabebwa na wastani wa upepo wa kuanzia ardhini mpaka kilomita kama 6 juu, huu unaogonga bati lako ni kipande kidogo tu. Alafu kuna kuzaliana: seli (donge moja la wingu lenye mvua yake) ya zamani inakufa, hewa yake baridi inanyanyua ya joto pembeni, inaota seli mpya, kwa hiyo kwenye rada mvua inaweza kwenda upande ambao hakuna upepo unaoelekea huko.

Sasa kupasuka, maana hapa ndo naumia zaidi. Kuna mawingu yanagawanyika kweli, wanasayansi wa hali ya hewa Klemp na Wilhelmson walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 1978, ila hakuna upepo unaokata kitu. Upepo wa juu ukiwa na kasi kuliko wa chini, hewa inabingirika imelala kama gogo, mkondo wa hewa unaopanda ndani ya wingu unaikunja katikati na kuisimamisha, unapata mizunguko miwili, mmoja kila ubavu. Kila mzunguko unashusha presha ubavuni mwake, kwenye kimo cha kati cha wingu, hewa inavutwa kupanda ubavuni, katikati panadhoofika, na hayo mawili yanaachana, moja kushoto moja kulia kwa upepo wa wastani. Marekani mara nyingi linalodumu ni la kulia, kusini mwa ikweta kwa kawaida la kushoto, na sababu ni upepo kugeuka mwelekeo kadiri unavyopanda, watu wanaokimbilia kutaja mzunguko wa dunia wanaruka hatua.

Ila sisi tupo nyuzi 6 tu kusini, upepo wa juu mara nyingi ni dhaifu, na kanuni za vitabu zimepimwa nyanda za Marekani, mi siziamini sana hapa. Mengi yanayoitwa kupasuka Dodoma naona ni seli ya katikati kufa huku pembeni zinaota mpya. Itaota Ihumwa au Nala? Nusu saa kabla, hata mwenye rada anakisia.