Kompyuta Inaposema Ina Nyuzi 127: Jinsi ya Kuhoji Vihisi kwenye Linux

Mtu anaandika amri ya `sensors`, inayoonyesha joto, volti na feni za kompyuta, na kati ya mistari inayojitokeza anakuta mmoja unaodai joto ni nyuzi 127 za Selsiasi. Moyo unamruka. Anazima kompyuta, anafungua kasha, anapapasa huku na kule, hakuna kilicho cha moto. Tumewapokea wengi wenye hofu hiyo, na baadhi walikuwa wameshanunua feni au pawasaplai mpya kabla ya kuuliza. Inauma, kwa sababu kifaa kilikuwa kizima. Kilichokosewa ni tafsiri ya namba.

Hiyo 127 ina chanzo chake. Chipu ya uangalizi iliyoko kwenye ubao mama ina njia kadhaa za kupokea vihisi vya joto, na watengenezaji wengi wa bodi hawazitumii zote. Njia isiyounganishwa na kitu huelea, lakini chipu huisoma vivyo hivyo. Joto likihifadhiwa kwa biti 8, nafasi yake ni kuanzia -128 hadi 127, ndiyo maana namba hizo mbili hujirudia sana, mara nyingi kwenye mistari ya AUXTIN (njia za ziada za vihisi vya joto). Zipuuze bila wasiwasi. Vivyo hivyo mstari wa `acpitz` (joto linaloripotiwa na BIOS, programu ya kuanzishia kompyuta iliyomo kwenye ubao mama) ulioganda kwenye namba moja, tuseme 27.8, asubuhi hadi jioni: huo si upimaji, ni thamani iliyoandikwa tu na mtengenezaji wa BIOS.

Volti zinahitaji subira zaidi. Chipu hiyo haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, kwani uwezo wake ni volti chache tu. Mtengenezaji huweka rezista mbili za kuigawanya kabla haijafika, na uwiano wa rezista hizo haujaandikwa popote ndani ya chipu. Kiendeshi, yaani programu inayoisomea Linux chipu hiyo, hakina namna ya kuujua. Ndipo unapoona `in4: 1.02 V` ukadhani umeme umekatika, kumbe ni laini ya volti 12 iliyogawanywa kwa 12. Zidisha na utapata 12.24, ambayo ni salama kabisa, kwa kuwa ATX, kiwango cha pawasaplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 hadi 12.6. Marekebisho huandikwa kwenye faili ndani ya `/etc/sensors.d/`:

```
chip "nct6779-*"
    label in4 "+12V"
    compute in4 @*12, @/12
    ignore temp5
```

Alama ya @ ni thamani ghafi. Hesabu ya kwanza huipeleka kwenye volti halisi, ya pili huirudisha, na `ignore` huficha mstari usio na maana. Tafadhali usinakili faili ya bodi nyingine, hata kama chipu ni ileile, maana rezista zinaweza kutofautiana. Linganisha kwanza na kile BIOS inachoonyesha kwa laini hiyohiyo.

Kwa joto, ulinganisho huo wa BIOS haufai sana. Ukiwa ndani ya BIOS prosesa hailali ipasavyo, kwa hiyo huweza kuonekana ya moto kuliko ilivyo Linux ikiwa imetulia.

Wenye prosesa za AMD Ryzen 1700X na 1800X wana jambo lao. Namba iitwayo Tctl imeongezewa nyuzi 20 makusudi kwa ajili ya kudhibiti feni, na kwenye 2700X nyongeza ni 10. Joto halisi ni Tdie.

Kama kosa limejitokeza ghafla baada ya kuwasha upya, angalia `/sys/class/hwmon`, folda ambamo Linux huorodhesha vihisi. Majina hwmon0, hwmon1 na kuendelea hugawiwa kwa kadiri viendeshi vinavyowahi kupakiwa, hivyo kilichokuwa prosesa jana leo chaweza kuwa diski. Soma faili la `name` katika kila folda kabla ya kuamini. Ndani humo joto huandikwa kwa sehemu za elfu: 45000 ni nyuzi 45.

Kihisi cha kweli huitikia. Fungua `watch -n 1 sensors`, kisha ipe prosesa kazi nzito. Joto la viini vyake hupanda ndani ya sekunde moja au mbili na kushuka kazi ikikatika, wakati la ubao mama hupanda polepole. Mstari usiotikisika kabisa hauwezi kukuonya siku ya hatari.

Naomba jambo moja lichukuliwe kwa uzito. Watu hushauriana kuongeza `acpi_enforce_resources=lax` kwenye vigezo vya kuwashia Linux ili kiendeshi kikubali kupakiwa. Hapo unaruhusu BIOS na Linux kugusa chipu moja kwa wakati mmoja, na namba zinaweza kuvurugika zaidi, hata udhibiti wa feni.

Na ikiwa viini vyote vinapanda pamoja hadi karibu na 100 chini ya mzigo, huku `dmesg`, amri inayoonyesha kumbukumbu za kiini cha Linux, ikitaja kwamba kasi ya prosesa imepunguzwa kwa sababu ya joto, acha kuhangaika na mafaili. Zima, safisha vumbi, hakikisha feni inazunguka, na ubadilishe grisi ya joto iliyokauka.