FIRPTA: makato ya 15% unapouza nyumba yako ya Marekani

FIRPTA ni sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inayomhusu mtu anayeuza nyumba au ardhi iliyoko huko ilhali kikodi ni mgeni. Mnunuzi analazimika kukata sehemu ya bei na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, muuzaji akabaki na kilichosalia. Kiwango cha kawaida ni 15%. Hadi Februari 2016 kilikuwa 10%.

Wengi wanaoshtukizwa na sheria hii ni wale waliokaa Houston au Minneapolis miaka, wakanunua nyumba, kisha wakarudisha grini kadi na kurejea Mombasa au Dar. Mwenye grini kadi husaini kiapo kwamba si mgeni, hakatwi kitu. Aliyeirudisha hana kiapo cha kusaini.

Makato yenyewe hupigwa kwenye bei, faida haitazamwi. Tuseme ulinunua kwa dola 370,000, sasa unauza 400,000. Faida ni 30,000, makato ni 60,000. Ikiwa benki bado inakudai 350,000, deni likishalipwa zinabaki 50,000, hazitoshi hata makato, na dalali naye anasubiri kamisheni yake. Yaani unauza nyumba na bado unaingiza mkono mfukoni.

Nafuu ipo mnunuzi akinunua ili aishi humo mwenyewe: bei isiyozidi dola 300,000 haikatwi, na kutoka hapo hadi milioni 1 ni 10%. Usitegemee kumbembeleza, kwani asipokata inavyotakiwa IRS humdai yeye.

Kodi halisi huhesabiwa baadaye, kwenye faida, na aliyeishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza anaweza kusamehewa faida ya hadi dola 250,000. Makato yaliyozidi kodi hiyo hurudishwa ukiwasilisha ritani, fomu 1040-NR. Kwa maoni yangu ni heri kuomba mapema kupunguziwa makato kwa fomu 8288-B, kabla ya siku ya kukamilisha mauzo au siku hiyohiyo. Ombi likishaingia, fedha hushikiliwa bila kupelekwa IRS hadi jibu litoke, kwa kawaida ndani ya siku 90. Ombi hilo linahitaji namba ya mlipakodi. Aliyefanya kazi huko tayari ana SSN, namba ya hifadhi ya jamii. Mwenzi wake asiye nayo, kama jina lake limo kwenye hati ya nyumba, aombe ITIN, namba ya kodi ya wasiostahili SSN, kwa fomu W-7.