Hesabu si zilishaisha?

Anko wangu ananiulizanga hili swali kila tukikutana. Jumapili tulikuwa kibandani tunakula chapo ndengu akarudia tena: "Prof, mbili na mbili ni nne tangu enzi za babu, sasa nyinyi bado mnatafuta nini huko chuo?"

Nikaomba kipande cha karatasi ya kufungia mandazi, nikaandika 3 na 5, 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Hizi ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na hapa zinatembea mbili mbili kama pacha, tofauti ni 2 tu. Sasa hizo pacha zinaisha mahali ama haziishi? Kwamba namba tasa zenyewe haziishi, Euclid alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini za pacha mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

"Hata kompyuta?"

Hata hiyo anko, ikipata pacha bilioni bado haijakuambia kama mbele kuna zingine.

Nikamwambia juu ya Yitang Zhang, jamaa aliyepata PhD 1991 akakosa kazi ya chuo miaka na miaka, kuna wakati alikuwa anasaidia kwa duka la Subway, halafu 2013, umri umeshapita 55, akathibitisha kuna jozi za namba tasa zisizo na mwisho ambazo tofauti yao ni chini ya 70,000,000. Wengine wakairukia hiyo kazi, kufikia 2014 hiyo tofauti ikashuka hadi 246. Bado si 2.

Yangu ni madogo sana ukilinganisha. Asubuhi kalkulasi, mchana kusahihisha karatasi za mtihani wa CAT (rundo halipungui, nadhani zinazaana usiku), utafiti ni saa kumi alfajiri watoto wakiwa wamelala. Kuna uthibitisho niliubeba karibu miaka miwili, nikauweka ubaoni kwa raha zangu, mwanafunzi wangu wa PhD akainua mkono pole pole: "Prof, huo mstari wa nne umegawanya kwa hiyo kitu, na ikiwa sifuri?" Nikasimama na chaki mkononi. Ilikuwa inaweza kuwa sifuri. Miaka miwili, mstari wa nne! Nilipanda matatu nikapitishwa stage yangu bila kujua.

Anko akakunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Na huyo wa 246, alilipwa ngapi?"

Nikaitisha chai ingine.