Je, wajua kwa nini nyasi za kuzalisha umeme huvunwa zikiwa zimekauka?

Aliyewahi kufuga ng'ombe wa maziwa anajua kwamba mabingobingo, au nepia kama wanavyoyaita Kenya, hukatwa yakiwa bado laini. Ukichelewa yanakomaa, na asubuhi unakuta mabua magumu yamesazwa horini. Huko Uingereza, wapo wakulima wanaopanda nyasi inayofanana sana na hiyo, wakaiacha irefuke hadi mita 3, kisha wakaitazama tu ikinyauka. Baridi inapiga, majani yanapukutika, shamba zima linabaki mabua ya rangi ya kaki. Ndipo mwezi Machi au Aprili mashine zinaingia.

Nyasi hiyo ni miskanthusi, yenye asili ya Asia ya Mashariki. Mabua yake hufungwa marobota na kupelekwa kwenye mitambo ya umeme, yakachomwe yachemshe maji, mvuke uzungushe tabo, yaani gurudumu linaloendesha jenereta.

Kusubiri huko kunawagharimu karibu theluthi ya mavuno. Kwa nini basi wasivune mapema? Sababu ya kwanza ni maji. Zaidi ya nusu ya uzito wa bua bichi ni maji, na kila aliyepikia kuni mbichi anajua moto unavyohangaika kuyakausha kabla ya sufuria kupata joto.

Lakini jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye majivu. Nyasi mbichi ina potasiamu na klorini kwa wingi. Ndani ya tanuri, potasiamu huungana na silika, ile ile inayofanya ukingo wa jani ukukate kidole, na majivu yakayeyuka. Yakipoa hugandamana kwenye mabomba ya boila mithili ya kioo. Klorini nayo hula chuma. Mvua za majira ya baridi huyasuuza mabua yaliyokufa na kuondoa sehemu kubwa ya madini hayo, bila mkulima kulipa hata senti.

Na kabla mabua hayajafa, mmea wenyewe huwa umeshaokoa mali yake. Huvuta naitrojeni kutoka kwenye majani na kuirudisha chini, kwenye shina linalotambaa udongoni kama tangawizi. Kwa hiyo shamba linahitaji mbolea kidogo tu, na shina hilo hilo huchipua kwa miaka 15 au zaidi. Tena hupandwa kwa vipande vya shina hilo, maana aina inayolimwa zaidi haizai mbegu.

Lakini mkulima asisubiri kupita kiasi. Udongo ukianza kupata joto, chipukizi hutokeza, na matairi ya mashine yatakanyaga mavuno ya mwaka unaofuata.