Bei ya kusafisha dohani huanzia kwenye kuni

Msimu wa baridi ukikaribia, maswali yanayofika katika kitengo chetu cha kinga dhidi ya moto hufanana sana. Mtu ana jiko la kuni la kupashia nyumba joto, ameulizia mafundi wawili wa kusafisha dohani, yaani bomba la kutolea moshi, mmoja kamtajia bei ndogo na mwingine karibu maradufu. Anataka kujua yupi anamwibia. Mara nyingi hakuna anayemwibia. Mafundi hao wanauza kazi mbili tofauti kwa jina moja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ameiamua mwenye nyumba mwenyewe, miezi mingi kabla ya kupiga simu, alipochagua kuni za kuchoma.

Nianzie ndani ya dohani. Moshi wa kuni una mvuke wa maji, masizi na gesi za mti ambazo hazikupata joto wala hewa ya kutosha ziungue. Moshi huo ukipanda na kukutana na ukuta wa bomba uliopoa chini ya takriban nyuzi joto 120, zile gesi huganda ukutani kama mvuke wa chungu unavyoganda kwenye kifuniko. Kinachobaki ni kreosoti, uchafu mweusi wenye asili ya lami, na ambao wenyewe unawaka vizuri kuliko kuni zilizouzaa.

Kreosoti ina hatua tatu, na hapa ndipo bei inapopanda au kushuka. Ya kwanza ni unga laini, ambao brashi huuondoa bila taabu. Ya pili ni magamba na punje ngumu, zinazohitaji brashi za kuzungushwa kwa mashine na muda zaidi. Ya tatu ni tabaka linalong'aa kama lami iliyomwagwa ikakauka. Kwenye hilo brashi huteleza tu. Fundi atalazimika kutumia minyororo ya kuzungushwa kwa mashine, au dawa ya kulibadilisha kidogo kidogo kisha arudi tena, na pengine atakwambia bomba la ndani libadilishwe lote. Kwa dohani ya aina hiyo usitegemee bei ya kufagia.

Kreosoti ya hatua ya tatu huzalishwa zaidi na kuni mbichi na moto uliobanwa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Ukiutia jikoni, moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo kwanza, moshi hupanda ukiwa wa baridi, na lami huganda njia nzima. Kuni zifaazo zina unyevu usiozidi asilimia 20. Kwa miti migumu hilo huchukua mwaka mmoja hadi miwili baada ya kupasuliwa, zikipangwa mahali penye paa juu na upepo pembeni. Kipima unyevu ni kifaa kidogo na hakigharimu sana. Pasua gogo kwanza, upime uso uliofunguka sasa hivi. Ukipima gome au ncha utapata namba ya kukufurahisha isiyo ya kweli. Wengi huamini kuwa kosa ni kuchoma misonobari. Msonobari uliokauka vizuri hauna shida hiyo, na mti mgumu ulio mbichi utaiziba dohani yako haraka zaidi.

Lile la moto uliobanwa linatokana na nia njema: mtu hujaza jiko usiku, hufunga tundu za hewa karibu zote, ili kuni zidumu hadi asubuhi. Usiku kucha jiko hutokota bila mwali, na hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutengeneza ile lami inayong'aa. Tunawasihi watu wawashe moto mdogo wenye mwali hai, kisha wauache uzimike.

Mengine anayoyahesabu fundi ni ya kawaida: urefu wa dohani, idadi ya kona, kama anaweza kufanya kazi kutokea chini au lazima apande paa, umbali wa kufika kwako, kama ndege wamejenga kiota, na muda uliopita tangu usafi wa mwisho. Kama una majiko mawili, yasafishwe siku moja, kwa kuwa safari na maandalizi hulipiwa mara moja tu. Tena usingoje baridi ianze. Mwisho wa msimu wa moto mafundi wana nafasi, na kuna faida nyingine isiyosemwa sana: masizi yaliyoachwa miezi ya joto hunyonya unyevu wa hewa, yakawa na asidi, yakaanza kula chuma cha bomba na kutoa harufu sebuleni.

Sasa nirudi kwa wale mafundi wawili. Fundi anayefanya kazi kamili hutandika shuka, huziba mdomo wa jiko vumbi lisitoke, na hutoa lile bamba lililo juu ya moto ndani ya jiko. Hupandisha brashi yenye upana unaolingana na bomba, fito baada ya fito, hadi brashi itokeze juu, na hutoka nje kuhakikisha imetokeza kweli. Hufyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio cha chembe ndogo. Kisha huangalia kamba ya kuziba mlango, matofali ya ndani, kofia ya dohani na tundu la kuingizia hewa chumbani, hujaribu kwa moshi kuona kama dohani inavuta, na akitilia shaka ufa huingiza kamera. Mwisho hukuachia hati yenye tarehe na hali aliyoikuta, ambayo kampuni za bima huweza kuidai siku ya ajali. Kwa jiko la kawaida hiyo ni kazi ya takriban saa moja. Anayemaliza kwa robo saa bila kugusa bamba amekuachia masizi yote yaliyoporomoka yamelala juu yake, yakiwa yameziba njia ya moshi kuliko kabla hajaja. Kwa maoni yangu hiyo ni hatari kuliko kutosafisha, kwa sababu sasa unaamini uko salama.

Zile barakoa na mashine za kufyonza nazo zimo katika bei, na ni haki ziwemo. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha dohani, wengi wao wakiwa wamepandishwa ndani ya mabomba tangu utotoni, na akaihusisha na masizi. Mara nyingi hutajwa kuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa na kazi ya mtu. Vumbi hilo halijabadilika.

Je, unaweza kusafisha mwenyewe? Dohani fupi iliyonyooka, ndiyo, ukiwa na brashi sahihi. Brashi ya nyuzi za chuma hukwaruza bomba la chuma cha pua, kwa hiyo humo hutumika nyuzi za plastiki ngumu. Hata hivyo lipia jicho la fundi angalau mara moja kwa mwaka. Ndicho kinachodaiwa pia na kiwango cha NFPA 211, cha chama cha kinga dhidi ya moto cha Marekani, kuhusu ukaguzi wa dohani. Wanaochoma kila siku msimu mzima wasafishe mara mbili. Magogo ya dawa yanayouzwa madukani huifanya kreosoti iwe kavu na rahisi kubanduka, lakini hayaondoi kiota wala hayaoni ufa.

Tabaka la uchafu likifika milimita 3, safisha usingoje tarehe. Katika bomba lenye kipenyo cha milimita 150, uchafu wa milimita 10 kuzunguka ukuta hula robo nzima ya njia ya moshi. Moshi uliokosa njia hurudi chumbani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na nafuu ikaja wanapotoka nje, tokeni wote na muite msaada. Kengele ya gesi hiyo iwe katika kila chumba chenye jiko, hata kama dohani ilisafishwa jana.

Kreosoti ikishika moto, joto ndani ya dohani hupita nyuzi 1,000 na utasikia mngurumo mzito. Funga tundu za hewa kama unaweza kulifikia jiko kwa usalama, watoe watu wote, piga simu zimamoto. Usimwage maji jikoni: mvuke utakuunguza na jiko litapasuka. Baada ya hapo jiko lisiwashwe hadi dohani ikaguliwe kwa kamera, na ukarabati wake unaweza kuzidi malipo ya miaka mingi ya ufagiaji.

Siku fundi akimaliza, mwombe akuonyeshe alichokitoa. Unga mkavu mweusi unamaanisha kuni zako ni kavu na moto wako unapumua. Vipande ving'aavyo vikiwemo, mwulize vimetoka sehemu gani ya bomba, kisha nenda kapime unyevu wa kuni zako kabla hujawasha tena.