Tairi la Trekta Linalopungua Upepo Polepole: Anza na Valvu

Msimu wa baridi ukifika, karakana yetu ya mafunzo hapa Nairobi hupokea malalamiko yaleyale. Trekta ililala na upepo wa kutosha, asubuhi tairi moja la nyuma limekaa. Halina msumari wala mwiba, na fundi wa pancha ameshalivua mara mbili bila kuona kitu. Mwenye trekta amechoka, amenunua kompresa ndogo, na dereva anajaza upepo kila alfajiri kabla ya kutoka. Namwelewa, maana siku za kulima huhesabika. Ila tairi lile linazidi kuharibika, na upepo wa kila asubuhi unamfanya asilione tatizo.

Tairi la nyuma la trekta hufanya kazi kwa upepo mdogo, mara nyingi kati ya psi 12 na 24 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kulingana na mzigo na aina ya tairi. Gari dogo hubeba psi 30 na zaidi. Psi 4 zikipotea kwenye gari lenye 32, hiyo ni sehemu moja kati ya nane. Zikipotea kwenye trekta yenye 16, ni robo nzima. Ubavu hujikunja kila mzunguko, nyuzi za ndani hupata moto na kukatika, na trekta ikivuta jembe, tairi huanza kuteleza juu ya rimu. Kama lina tyubu, valvu huburutwa hadi ikakatika shingoni.

Kwa hiyo kabla hujatafuta tundu, pima. Tafuta geji inayosoma upepo mdogo; ile ya malori haiwezi kukuonyesha tofauti ya psi 1. Pima alfajiri, jua halijapiga, kwa geji ileile, siku 3 mfululizo, matairi yote manne, na uandike. Yote yakishuka kwa kiasi kinacholingana, hakuna kinachovuja, ni baridi tu. Joto likishuka kwa nyuzi 10, jambo la kawaida Nairobi kati ya mchana na alfajiri, tairi la aina hii hupoteza karibu psi 1. Tairi moja likishuka peke yake, hilo ndilo lenye shida.

Kuna jingine linalowasumbua wanaosafirisha trekta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Trekta ikijazwa upepo Industrial Area, kisha ipandishwe lori hadi Kilifi, geji itasoma psi 2 hivi au 3 chini, bila hata tundu la sindano. Hewa ya pwani hulibana tairi kwa nguvu zaidi kutoka nje. Ongeza upepo ukifika, uendelee na kazi.

Sasa sabuni. Osha tope lote kwanza. Jaza tairi hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, usikipite. Changanya sabuni ya maji ya vyombo, vijiko vichache kwa lita, na ukoroge polepole, kwa sababu povu la kukoroga litakudanganya. Paka kwa brashi, kisha usiondoke. Tundu kubwa hupuliza mapovu papo hapo. Tundu dogo hutoa povu jeupe, laini, kama maziwa yanayoanza kuchemka, na huenda likachukua dakika 10 kuonekana. Wengi hulikosa kwa haraka tu.

Anzia kwenye valvu. Mimi husisitiza hili kwa kila mwanafunzi, kwa sababu ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukagua na ndicho mafundi wengi hukiruka. Geuza gurudumu valvu iwe juu, toa kofia, weka tone la sabuni mdomoni mwake. Tone likivimba, kiini cha ndani kimelegea au kimeingia mchanga. Kikaze kwa ufunguo wake, si kwa koleo. Lisipoacha kuvimba, badilisha kiini. Kisha rudisha kofia. Kofia ya chuma yenye mpira ndani huzuia vumbi na hushika upepo kiini kikishindwa, lakini matrekta mengi ninayoyaona hayana kofia hata moja.

Usiishie hapo. Paka sabuni shinani mwa valvu, inapotokea kwenye rimu, uisukume kwa kidole pande zote. Tuliwahi kuletewa trekta kutoka upande wa Ruai, tairi lake limeshabandikwa viraka viwili visivyohitajika. Tulipaka sabuni kila mahali, kimya. Mwanafunzi mmoja akaisukuma valvu kidogo kuelekea rimu, na mapovu yakatoka shinani, makubwa kama punje za maharagwe. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka, na ulifunguka pale tu mabua ya mahindi yalipoigusa valvu shambani. Kilichobadilishwa ni mpira ule peke yake.

Valvu ikiwa nzima, nenda kwenye mdomo wa tairi, yaani ukingo unaobana rimu. Kwenye tairi lisilo na tyubu, kutu ya rimu, tope au bua lililonaswa hutosha kupitisha upepo usiku kucha. Dawa yake ni kulivua, kusugua rimu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kiwe laini, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke kabisa. Unaporudisha, lainisha kwa sabuni ya matairi. Grisi na oili hula mpira.

Hapa naomba tusikilizane, maana hapa ndipo watu hufa. Ondoa kiini cha valvu na utoe upepo wote kabla ya kugusa mdomo wa tairi. Unaporudisha mdomo kwenye rimu, usipite psi 35. Mdomo ukikataa kukaa, toa upepo, lainisha upya, anza tena. Simama kando, mbali na ubavu, kwa bomba refu lenye kishikio kinachojishika chenyewe. Usimwage petroli na kuwasha kiberiti ili tairi lishike. Na rimu yenye ufa isichomelewe tairi likiwa juu yake, hata likiwa halina upepo: joto huzalisha gesi ndani, tairi hulipuka. Livue lote kwanza.

Mwiba nao una ujanja wake. Ule wa migunga midogo ya uwanda wa Athi hukatikia ndani ya mpira na kuziba tundu trekta ikiwa imesimama, kisha hufunguka tairi linapojikunja. Paka sabuni, sogeza trekta robo mzunguko, angalia, sogeza tena. Ziba kutoka ndani, kwa kiraka chenye mguu kama uyoga. Kamba ya kuchomeka kutoka nje itakufikisha nyumbani, haitakumalizia msimu. Dawa za maji za kuziba pancha pia naziona hivyo: za dharura, na huchafua mahali kiraka kitakapobandikwa baadaye.

Lenye tyubu, weka alama ya chaki kwenye tyubu na tairi karibu na valvu kabla ya kuvua. Tyubu ikitoa mapovu ndani ya pipa la maji, ilaze tena juu ya tairi kwa kufuata alama. Mwiba uko mkabala na tundu. Pangusa ndani kwa kitambaa, si kiganja. Uzi ukinasa, umeupata.

Kama tairi limejazwa maji ya kuongeza uzito, usilitingishe ovyo. Tairi la saizi ya 18.4-30 hubeba karibu lita 300 likijazwa robo tatu, yaani kilo 300 juu ya uzito wa gurudumu lenyewe. Mwachie mwenye jeki na vigingi vinavyotosha.

Ukishaziba, rudia kipimo cha alfajiri kwa siku 3, geji ileile, na uandike. Namba zikibaki palepale, kompresa irudi stoo.